Usiniandikie "mtoto anaendelea vizuri": mwongozo wa kumfundisha afisa ustawi wa jamii kumtazama mtoto mchanga

Fungua jalada lolote la kaya yenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Utasoma kipato cha baba, ugomvi wa wazazi, kodi ya miezi mitatu inayodaiwa, paa linalovuja na maneno aliyosema bibi. Mwishoni kabisa, kwenye mstari uliobaki, utakuta: "Mtoto anaendelea vizuri." Mwite aliyeandika, umuulize mtoto alikuwa macho au amelala, alipakatwa na nani, mikono yake ilikuwaje. Atakuna kichwa. Na alikaa nyumba ile saa nzima, mtoto yuko hatua mbili kutoka kwenye kiti chake.

Simcheki, maana sentensi hiyo nimeiandika mimi mwenyewe mara nyingi. Moja inanisumbua mpaka leo. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Mama yake akaniambia kwa furaha, "Huyu hasumbui, ukimlaza hapo unamkuta hapohapo." Nikaandika "mtoto ni mpole, anaendelea vizuri", nikaaga. Wiki tatu baadaye alilazwa kwa utapiamlo mkali. Upole ule ulikuwa wa mtoto aliyeishiwa nguvu za kulia, nami nilikuwa nimeusifia.

Mwongozo huu ni wako wewe unayewasimamia wanafunzi wa ustawi wa jamii walioko mafunzo kwa vitendo, au maafisa wapya wa halmashauri. Unahitaji wanafunzi wanne au watano, wiki kumi, chumba chenye mlango unaofungika, na familia moja kwa kila mwanafunzi. Gharama kubwa ni nauli.

Njia yenyewe si ya kwangu. Mwaka 1948, pale Tavistock Clinic mjini London, Esther Bick alianza kuwapeleka wanafunzi wa tiba ya kisaikolojia ya watoto kwenye nyumba za watu wa kawaida. Kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja, tangu anapozaliwa, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Hawakuandika chochote mbele ya familia wala kutoa ushauri. Baadaye walikutana wakasomeana walichokiona. Bick mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi Vienna, alitakiwa kuhesabu vitendo vya watoto akiwa na saa mkononi, na hakuipenda kazi ile. Nikiziona fomu zetu za kutia vyema kwenye viboksi, namkumbuka. Huko Uingereza walimu wa ustawi wa jamii waliichukua njia hiyo wakaifupisha, nasi tunaweza kuifupisha pia. Miaka miwili hatuna, lakini wiki kumi zinatosha kumtoa mtu uvivu wa macho.

Hatua ya kwanza: anzia kwenye foleni ya mizani

Usimpeleke mwanafunzi nyumbani kwa mtu kabla macho yake hayajafunguka kidogo. Ongea na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kisha siku ya chanjo waketishe wanafunzi kwenye benchi, mbalimbali, kila mmoja achague mtoto mmoja. Dakika kumi. Dakika tano za kwanza anatazama mikono ya mtoto tu. Hatazami uso, hamtazami mama, wala nguo. Tano zinazofuata, macho ya mtoto yanakwenda wapi.

Watakulalamikia kwamba hakuna cha kuona. Waache. Mmoja wa kwangu alirudi akasema, "Mwalimu, ngumi zilikuwa zimekunjwa, basi." Nikamrudisha. Safari ya pili alikuta mtoto anavalishwa ile suruali ya kitambaa ya mizani. Alipoachiwa aning'inie, vidole vyote kumi vilitanuka kwa pamoja, mikono ikaruka juu na pembeni kama mtu anayedondoka, halafu ikarudi kifuani ikitetemeka. Mama alipoweka kiganja chake chini ya nyayo za mtoto, kwa kumgusa tu bila kumnyanyua, vidole vikajikunja taratibu, kimoja kimoja. Muuguzi akasoma uzito. Mwanafunzi akaniambia hakujua kama nyayo za mtoto zinaweza kuitulizia mikono. Siku hiyo ndipo nilijua amekwishaanza.

Hapohapo kliniki wafundishe zile hali sita anazopitia mtoto mchanga, maana bila hizo watachanganya mambo: usingizi mzito, usingizi mwepesi ambao kope zinacheza na midomo inanyonya hewa, kusinzia, kuwa macho na ametulia, kuwa macho na anahangaika, na kulia. Si katika hali zote sita mtoto hufundishika au huchezeka. Ile ya nne, macho na utulivu, ndiyo saa yake ya kukutana na watu, na kwa kichanga ni fupi sana. Waeleze pia kwamba mtoto wa siku chache huona vizuri kitu kilichoko kama sentimeta 20 hadi 30, yaani kutoka kwenye titi mpaka usoni kwa mama. Anayesimama mlangoni na kusema "mtoto hanitazami" amesimama mbali.

Hatua ya pili: tafuta familia isiyo na jalada

Hili wasimamizi wengi hulikosea. Wanasema, kwa nini tusiunganishe, mwanafunzi atazame mtoto wa kesi anayoishughulikia? Kwa sababu atakuwa anatafuta kosa. Mwanafunzi anatakiwa kwanza amjue mtoto wa kawaida katika nyumba ya kawaida, yenye kelele, yenye moshi, yenye mama aliyechoka, ili siku akikutana na jambo lisilo la kawaida alitambue. Hodari wa kutambua noti bandia ni yule aliyeshika noti halali nyingi.

Mtoto awe chini ya miezi sita unapoanza. Huku kwetu Tanga usimpeleke mtu kabla ya arobaini, hata kama mama mwenyewe amekubali. Mwenye nyumba ni bibi, na bibi hakuulizwa. Baada ya arobaini nenda wewe msimamizi pamoja na mwanafunzi. Shikamoo ya bibi ije kwanza, ombi baadaye. Maneno ninayoyatumia ni haya: "Huyu ni mwanafunzi wetu. Anajifunza watoto wanavyokua, na watoto wenyewe ndio walimu. Tunaomba aje Jumanne saa nne, akae saa moja, amtazame mtoto mkiendelea na shughuli zenu. Hajaja kukagua nyumba, na hana msaada wa kuleta." Hiyo sentensi ya mwisho usiimeze. Wakisikia "ustawi" wapo watakaodhani wanakuja kunyang'anywa mtoto, na wapo watakaodhani wamepata mfadhili. Matarajio hayo mawili, ya hofu na ya tamaa, yakiingia nyumbani huoni mtoto tena, unaona maonyesho. Baba naye aulizwe, ana kwa ana au kwa simu. Na waambiwe wazi kwamba wanaweza kusitisha siku yoyote bila kutoa sababu.

Halafu kuna suala la jicho. Vitabu vya Ulaya havitakwambia, lakini mgeni anayemkodolea mtoto macho saa nzima bila kutamka Mashallah anajitafutia balaa. Mtoto akipata homa usiku ule, jicho ni lako. Mwanafunzi ajue kuitamka anapoingia na anapotoka, awe Mwislamu au Mkristo. Asimsifie mtoto unene. Akiona wanja kwenye paji la uso au uzi mweusi mkononi, aandike alivyoviona, asitie neno lake. Mwenzetu mmoja alimwambia mama "hizi hirizi ni imani potofu" wiki ya pili. Wiki ya tatu hodi yake haikuitikiwa.

Hatua ya tatu: saa moja ndani ya nyumba

Mwanafunzi aketi pale anapooneshwa, kisha aombe kusogea mpaka aone uso wa mtoto bila kumziba mama. Simu izimwe na ikae mkobani. Kuiweka kimya mapajani haitoshi. Hakuna daftari. Soda ikiletwa anywe, kwani kuikataa ni ukorofi, ila aseme mapema siku ya kwanza kwamba wasijisumbue kila wiki.

Mgeni anayekaa kimya kwetu ni kitu cha ajabu, kwa hiyo usimwambie mwanafunzi awe bubu. Ajibu anapoongeleshwa, kwa ufupi na kwa ukarimu, halafu macho yarudi kwa mtoto. Mama akiuliza, "Unamwonaje mwanangu?" asiseme "vizuri" wala asitoe mawaidha. Aseme kitu kimoja alichokiona kweli: "Nimeona ukipita tu anakufuata kwa macho." Akina mama hulipokea jibu hilo kwa namna ambayo sijaiona kwenye semina yoyote ya malezi.

Atapewa mtoto. "Nishikie kidogo nikatoe maji." London wanafundishwa kuepuka kumbeba mtoto. Hapa ukikataa umetukana. Ampokee, amrudishe mama akirejea, na jioni aandike uzito ule mikononi mwake ulikuwaje: mtoto alijilegeza, alijikaza kama ubao, au alijivuta kutafuta bega. Hiyo ni taarifa ambayo macho peke yake hayaipati.

Mtoto akiwa mgongoni, wanafunzi huniambia saa imepotea kwa sababu uso haukuonekana. Haijapotea. Zipo nyayo mbili zinazochungulia kila upande wa kiuno. Upo mkono ulioshika kanga au uliolegea. Kipo kichwa kilicholala shavu moja, na mara kinabadilisha upande. Upo pia mwendo wa mama: mtoto akijinyonganyonga, je, mgongo unayumba kumjibu, au mama anaendelea kukoroga kana kwamba amebeba begi? Mazungumzo mengi ya mama na mtoto wa kwetu hupita kwenye ngozi na mwendo kuliko machoni. Anayepima upendo kwa idadi ya kutazamana atawaandika vibaya nusu ya akina mama wa mtaa huu.

Na walezi ni wengi. Dada wa kazi, shangazi, kaka wa miaka saba anayembeba mdogo wake kiunoni akicheza gololi. Amfuate mtoto aendako, asimgande mama. Mwanafunzi wa kiume, mtoto akinyonyeshwa, ageuze kiti pembeni bila kuambiwa. Sauti ya kumeza ataisikia.

Kutoingilia kuna mpaka. Kanuni hiyo inaishia pale mtoto anapotambaa kuelekea jiko la mkaa. Inuka umchukue.

Hatua ya nne: kuandika, jioni ileile

Kabla sijaeleza namna, kisa kimoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, aliendesha makao ya watoto huko Hampstead, London. Kila mfanyakazi pale, hata yule wa kuchochea tanuri la maji ya moto, alitakiwa kuandika kwenye kadi kile alichokiona watoto wakifanya, na kadi hizo zilijadiliwa kila wiki. Mchochea tanuri yule alikuwa James Robertson. Miaka michache baadaye ndiye aliyewaonesha madaktari wa Uingereza kwamba mtoto aliyelazwa bila mama, ambaye wauguzi walimsifu kuwa "ametulia", mara nyingi alikuwa amekata tamaa. Nawasimulia wanafunzi kisa hiki siku ya kwanza, hasa wale wanaodhani hawana elimu ya kutosha kumwona mtoto.

Sasa kanuni. Aandike siku hiyohiyo kabla ya kulala, kurasa mbili au tatu, kwa mfuatano wa mambo yalivyotokea. Jina la mtoto lisiwepo, libuniwe lingine. Na yapo maneno niliyoyapiga marufuku kwa wiki zote kumi: vizuri, kawaida, mpole, msumbufu, mchangamfu, anampenda, anadeka. Si maneno mabaya, ni vifuniko tu. Ukikifunua kifuniko unakuta kitendo ambacho mwandishi hakukitazama, au alikitazama akaona uvivu kukieleza.

Hii ni ripoti ya wiki ya kwanza ya mwanafunzi mmoja, naitoa kwa ruhusa yake:

"Nilimkuta mtoto akiwa mchangamfu na mwenye afya. Mama anampenda mtoto wake na anamnyonyesha kwa wakati. Mtoto alisumbua kidogo lakini mama alimtuliza. Mazingira ni safi. Mtoto anaendelea vizuri."

Nikaketi naye, nikamuuliza swali baada ya swali. Alikuwa amelala vipi? Mama alikuwa anafanya nini? Nini kilitangulia kilio? Ikatoka hii, ya saa ileile:

"Mtoto (wiki 11) amelala chali mkekani. Macho wazi, anatazama dirisha panapoingia mwanga. Mkono wa kulia umefunguka, wa kushoto umekunja ngumi karibu na sikio. Mama anapeta mchele upande wa miguuni kwake. Mchele ukilia kwenye ungo, mtoto anageuza kichwa taratibu kuufuata. Anatoa sauti, 'eee'. Mama anajibu 'eee' bila kuinua macho. Mtoto anapiga miguu mara mbili tatu, anatoa sauti tena, ndefu zaidi. Mama anainua uso, anacheka: 'Unasemaje babu?' Mwili wote wa mtoto unatulia. Anamtazama, mdomo unafunguka. Kama sekunde kumi. Halafu anageuza uso ukutani, anapata kwikwi. Mama anaita, 'We! We babu!' Mtoto bado anatazama ukuta. Mama anamgusa shavu, anaita tena. Mtoto anakunja uso, analia. Mama: 'Kashaanza.' Anaweka ungo chini, anampakata, anampa titi. Ananyonya kidogo, anaacha, anatazama juu, ananyonya tena. Ngumi ya kushoto imefunguka, imelala kifuani kwa mama."

Tazama kilichopotea kwenye ile ya kwanza. "Alisumbua kidogo" ilikuwa ni mtoto aliyezungumza, akajibiwa, akafurahi mpaka ikamzidi, akageuza uso apumzike. Kugeuza uso, kwikwi, miayo, kutanua vidole, kupinda mgongo: hivyo ndivyo mtoto wa umri huo anavyosema "ngoja kidogo". Mama hakukielewa kituo hicho mara moja, akaendelea kuita. Hilo hutokea kwa kila mama, kila siku, na si kosa la kuandikiwa jalada. Cha kuandika ni kwamba alipolia aliweka ungo chini, na mtoto akarejea. Palikatika, pakaunganishwa. Mtoto hukua kwa hayo.

Halafu pembeni ya ukurasa aandike kwa kalamu ya rangi nyingine yaliyompita yeye moyoni. Mwanafunzi yule aliandika: "Nilitamani kumwambia mama amwache. Nilimkasirikia." Yaandikwe, ila yasichanganywe na ya mtoto.

Hatua ya tano: kundi

Kila wiki, saa moja na nusu. Mmoja anasoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Kwa nusu saa ya kwanza swali linaloruhusiwa ni la aina moja: uliona nini? Hakuna "mama huyu inabidi aelimishwe". Wewe msimamizi utakuwa wa kwanza kuvunja kanuni hii, maana tumezoea kutoa ushauri kama tunavyozoea kutoa salamu.

Nusu saa ya pili, ndipo wajiulize: ingekuwaje kuwa mtoto huyu saa ile? Na baadaye, kwa nini msomaji wetu aliruka dakika zile kumi na tano za katikati? Karibu kila mara palipo na pengo kwenye maandishi pana jambo zito. Mmoja aliandika kwa ufasaha mpaka mtoto alipoanza kulia na hakuna aliyekuja, kisha sentensi iliyofuata ni "baada ya muda mama alirudi." Tulipomuuliza muda gani, alinyamaza. Alikuwa amejifunza kuondoka akili mwili ukiwa pale kitini. Maafisa wetu wengi wanafanya hivyo majumbani bila kujua, na si ukatili, ni kujikinga. Mtoto anayelia bila kujibiwa anaumiza mtazamaji. Kama hana pa kulitua hilo, wiki ijayo ataongea na watu wazima tu.

Funga mlango, na kanuni ya kundi iwe kali: yaliyosomwa hayatoki. Mtaa ni mdogo, na kati ya kikao cha kitaaluma na umbea pana ukuta mwembamba sana.

Hatua ya sita: kuyapeleka kazini

Kuanzia wiki ya sita, mwanafunzi anapokwenda na afisa kwenye kesi halisi, mpe dakika kumi za mtoto katika kila ziara. Afisa anahoji wakubwa, mwanafunzi anamtazama mtoto, baadaye wanalinganisha. Ripoti iwe na aya nzima ya mtoto, na aya hiyo iandikwe kwanza.

Hapa ndipo wafundishe kuogopa ukimya. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick, nchini Marekani, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha wakaushe uso kwa muda mfupi bila kujibu kitu. Mtoto hutabasamu kumwamsha mama, hujinyoosha, hupiga sauti, halafu hugeuka na kujikunja. Hiyo ni dakika chache tu, na kwa mtoto anayejibiwa siku zote. Anayekaa miezi bila kujibiwa anaweza kuacha kabisa kuuliza. Kwa hiyo "hasumbui" iwe ndiyo mwanzo wa maswali: akiwa na njaa unajuaje? Mara ya mwisho alilia lini? Ukimchukua anajishika kwako? Akifikisha miezi minane au tisa, mgeni akiingia anamkimbilia nani kwa macho?

Swali jingine ninalolipenda limetoka jirani. Kati ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 kwenye vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto majumbani mwao. Aligundua kwamba mama aliyekuwa na mengi madogomadogo ya kusimulia kuhusu mtoto wake mara nyingi ndiye aliyekuwa mwepesi kuzisoma ishara za mtoto huyo. Basi muulize mama, "Nisimulie leo tangu alfajiri alivyoamka," ukasikilize. Mmoja atakwambia mtoto hapendi upande wa kushoto na akisikia pikipiki ya baba anaacha kunyonya. Mwingine atasema "yupo tu." Huyo wa pili asihukumiwe. Huenda hajalala siku nne, huenda ni ile huzuni nzito inayowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, na anahitaji mtu wa kumpeleka kituo cha afya.

Yapo machache yasiyongoja kundi. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa wala kusimama kwa kushikilia hana mbio za kujigongea, kwa hiyo alama ya damu kuvilia shavuni, sikioni au kifuani inamfikisha kwa daktari siku hiyohiyo. Angalia tu usiichanganye na alama za buluu au kijivu za kuzaliwa, ambazo watoto wetu wengi wanazo kiunoni na makalioni. Hizo hazibadiliki rangi siku hadi siku. Eleza mahali, ukubwa na rangi, daktari aseme ni nini. Kuanzia miezi sita, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimeta 11.5 ni utapiamlo mkali. Chini ya miezi sita, tazama mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki na jinsi anavyonyonya: anashika titi akaacha, anasinzia kabla hajameza. Na mwanafunzi ajue kwamba kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa haki ya mtoto inapovunjwa, na kwamba simu 116 hupigwa bure. Familia iliyomkaribisha kwa ajili ya kujifunza haiko nje ya sheria hiyo, na iambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya saba: kuaga

Wiki ya nane mwanafunzi aikumbushe familia kwamba zimebaki mbili. Asipotee ghafla kama mdeni. Zawadi iwe ndogo, sabuni ya mtoto inatosha. Maandishi yote yarudi kwako, uyafungie.

Siku ya mwisho ya kundi, mrudishie kila mmoja ripoti yake ya wiki ya kwanza na kalamu nyekundu, ajisahihishe mwenyewe. Utakaa kimya dakika ishirini ukisikia kalamu zinavyokata maneno. Mwaka jana mmoja alikata neno "mpole", akafikiri, kisha juu yake akaandika: "Sikumtazama."